Kuziba nyufa za prosesa kwenye seva yenye mashine pepe

Nyumba ya kupanga ya Sinza yenye vyumba sita na mita moja ya LUKU haifichi mengi. Kila mpangaji ana kufuli lake, lakini ukikaa kibarazani karibu na mita ukatazama uniti zinavyokimbia, unajua kuna mtu kawasha pasi, na ukijua nani yumo ndani unajua ni nani. Hujavunja mlango wa mtu. Umesoma tu kitu mnachotumia pamoja.

Nyufa za prosesa ziko hivyo hivyo, na ndiyo maana zinatuhusu zaidi sisi tunaoweka mashine pepe kumi, yaani kompyuta za kiprogramu, juu ya seva moja. Prosesa ya kisasa haisubiri. Inakisia njia ambayo programu itapita na kuanza kazi kabla haijathibitishiwa. Ikikosea, inatupa matokeo, lakini mabaki yanabaki kwenye kache, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, na mtu anayepima muda wa kusoma kumbukumbu kwa makini anaweza kuyasoma. Tarehe 3 Januari 2018 zilitangazwa Meltdown na Spectre. Agosti mwaka huohuo ikaja L1TF, maarufu kama Foreshadow, na hiyo ililenga kazi yetu hasa: kwenye prosesa nyingi za Intel, mashine pepe moja iliweza kusoma data ya mashine jirani, au ya seva yenyewe, iliyobaki kwenye kache ya L1. Mei 2019 ikafuata MDS, Julai 2022 Retbleed. Mwaka 2023 zikaja Zenbleed kwa prosesa za AMD za kizazi cha Zen 2 na Downfall kwa Intel. Septemba 2025 watafiti wa ETH Zurich wakaonyesha VMScape, ambapo mashine pepe inasoma kumbukumbu ya QEMU, yaani programu ileile inayoiendesha. Kwa upande wa AMD, inagusa Zen 1 mpaka Zen 5. Kwa hiyo hii si kazi ya kufanya mara moja ukasahau.

Nimemwandikia mtu wa IT aliye peke yake ofisini, mwenye seva moja au mbili na Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, juu yake, kwa sababu ndicho ninachokikuta mara nyingi hapa Dar. Mifumo mingine ya aina hiyo, VMware na Hyper-V, nitaigusa mwishoni.

Kwanza nieleze kosa langu, kwa sababu mwongozo mzima umetokana nalo. Nilipoifanya kazi hii mara ya kwanza, kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, nilisasisha seva vizuri, nikaiwasha upya, nikaandika ripoti kwamba nyufa zimezibwa. Miezi kadhaa baadaye niliingia kwenye mashine pepe ya uhasibu kwa shida nyingine kabisa, nikaendesha amri ya ukaguzi kwa mazoea tu. Ikaniandikia Vulnerable. Seva ilikuwa na kiraka, yaani sasisho la kuziba ufa, lakini mgeni aliyelala ndani yake, yaani ile mashine pepe, hakuwa nacho, na mimi nilikuwa nimempa mkurugenzi ripoti isiyo ya kweli. Tangu siku hiyo sisemi kazi imekwisha mpaka nimeangalia nikiwa ndani ya kila mashine pepe.

Kiraka cha nyufa hizi kina matabaka manne: maikrokodi ya prosesa, haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe), aina ya CPU ambayo mashine pepe inaonyeshwa, na kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi ulio ndani ya mashine hiyo. Tabaka la tatu ndilo watu wanaloliruka.

Hatua ya 1: Ijue prosesa yako

Ingia kwenye seva, andika:

lscpu

Soma mstari wa Model name. Seva nyingi za ofisi zetu ni mtumba wa Ulaya, PowerEdge R720 au R730, ProLiant DL380 Gen9 na ndugu zake, na si aibu. Ni mashine imara. Lakini umri una mwisho. Aprili 2018 Intel ilisema wazi kwamba baadhi ya prosesa za zamani hazitapata maikrokodi ya Spectre, zikiwemo Xeon (prosesa za Intel za seva) za kizazi cha Harpertown. Ukikuta PowerEdge 2950 yenye Xeon 5400 bado inapiga kazi, usiendelee na mwongozo huu kwa matumaini. Ifanye seva ya bakapu au ya mazoezi, na usiweke juu yake mashine pepe za watu wasioaminiana.

Ukiwa Kariakoo unanunua nyingine, muulize muuzaji namba kamili ya prosesa kabla hamjaanza kuongea bei ya RAM na diski. RAM utaongeza baadaye.

Hatua ya 2: Andika hali ilivyo leo

Linux yenyewe itakuambia, huhitaji kununua kifaa chochote:

grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/* > /root/kabla.txt

Fungua faili hilo. Kila mstari ni ufa mmoja. Not affected maana yake prosesa yako haiguswi. Mitigation maana yake kuna kinga, na maneno yanayofuata yanaeleza kinga gani. Vulnerable inajieleza. Usiishie neno la kwanza, maana mstari mmoja unaweza kuwa na habari mbili. Huu kwa mfano ni wa kawaida kwenye Xeon za zamani kidogo:

l1tf: Mitigation: PTE Inversion; VMX: conditional cache flushes, SMT vulnerable

Nusu ya kwanza ni habari njema. Nusu ya mwisho inakuambia kwamba nyuzi mbili za kiini kimoja (SMT, yaani nyuzi pacha) bado zinachangia kache, na tutairudia kwenye hatua ya 8.

Fanya hivyohivyo ndani ya kila mashine pepe ya Linux na uhifadhi faili lake.

Hatua ya 3: Umeme, bakapu na siku ya kazi

Kusasisha baiosi, programu ya kwenye bodi inayoiwasha seva, huku umeme unacheza ni kuitafutia seva kifo. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, bodi nzima inaweza isiwake tena, na bodi ya mashine ya mtumba huipati dukani kesho yake asubuhi. Kabla hujaanza, chomoa UPS ukutani kwa dakika chache uone inabeba mzigo kweli. Betri iliyochoka inaonyesha asilimia 100 mpaka dakika unayoihitaji. Kama jengo lina jenereta, ongea na mlinzi ujue ina mafuta na nani ana ufunguo usiku.

Bakapu ipigwe kwenye diski iliyo nje ya seva hiyo:

vzdump 101 --storage bakapu --mode snapshot

Badili 101 iwe namba ya mashine yako, na bakapu liwe jina la hifadhi yako. Kisha rudisha angalau moja kwa namba nyingine uione ikiwaka. Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha usiitegemee.

Kuhusu siku, mimi hupenda Jumamosi usiku kuamkia Jumapili. Epuka wiki ya mishahara, na epuka kukaribia tarehe 7 na tarehe 20, maana ndipo wahasibu wanapowasilisha PAYE na VAT kwa TRA. Mfumo wa hesabu ukigoma siku hiyo, hakuna atakayesikiliza habari za prosesa. Pakua masasisho mapema usiku wa kabla yake, ili Jumamosi usikae unatazama asilimia zikitambaa.

Hatua ya 4: Maikrokodi

Maikrokodi ni maelekezo madogo yanayorekebisha tabia ya prosesa. Yanaingia kwa njia mbili: kupitia baiosi mpya ya mtengenezaji wa seva, au kupitia kerneli ya Linux inayoyapakia kila inapowaka. Njia ya baiosi inakaa humohumo hata ukibadilisha diski. Njia ya kerneli ni rahisi, lakini ukisakinisha mfumo upya ukaisahau, kinga imepotea. Mimi hutumia zote mbili pale mtengenezaji bado anatoa baiosi, na kwa Dell huwa naipakia kupitia iDRAC, kidhibiti chake cha mbali.

Kwa upande wa Linux, Proxmox imejengwa juu ya Debian, na maikrokodi ziko kwenye sehemu ya hazina (ghala la vifurushi mtandaoni) iitwayo non-free-firmware. Hakikisha neno hilo lipo kwenye orodha ya hazina zako za Debian, kisha:

apt update
apt install intel-microcode

Kwa AMD ni amd64-microcode. Baada ya seva kuwaka upya, thibitisha toleo:

grep -m1 microcode /proc/cpuinfo

Usiwe wa kwanza duniani kuweka maikrokodi iliyotoka jana. Januari 2018 maikrokodi za mwanzo zilizifanya mashine za Broadwell na Haswell zizime na kuwaka zenyewe ovyo, na tarehe 22 mwezi huohuo Intel ikawaambia watu waache kuzisambaza. Kama una seva mbili, anza na ile isiyobeba kazi nzito, iache siku kadhaa, ndipo uhamie kwenye ya pili. Kama ni moja tu, subiri wiki moja au mbili na usome wanachosema wengine, ila usiigeuze kuwa miezi sita.

Hatua ya 5: Haipavaiza

Hapa kuna mtego ambao nimeukuta kwenye ofisi zaidi ya moja. Proxmox ikisakinishwa mpya inaelekezwa kwenye hazina ya wenye usajili wa kulipia. Kama hujalipia, apt update inatoa kosa la 401 kwa hazina hiyo, halafu inaendelea na zile za Debian kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu anaona maandishi yanapita kwenye skrini, anaamini amesasisha, kumbe kerneli ya Proxmox ni ileile ya siku ya kusakinisha. Zima hazina ya kulipia, washa ile ya pve-no-subscription, na usome matokeo ya apt update mstari kwa mstari mpaka 401 zote ziishe. Ofisi yenye uwezo ilipe usajili. Viraka vya hazina ya kulipia vimepimwa zaidi.

Kisha:

apt full-upgrade

Andika full-upgrade, siyo upgrade peke yake, kwa sababu Proxmox wakati mwingine inahitaji kuleta vifurushi vipya na kuondoa vya zamani, na upgrade tupu itaviacha nusunusu.

Zima mashine pepe kwa ustaarabu, ukianza na zinazotegemea nyingine na kumalizia na hifadhidata. Washa seva upya. Ikirudi, uname -r ikuonyeshe kerneli mpya.

Kama unatumia kontena badala ya mashine pepe kamili, hizo zinatumia kerneli ya seva, kwa hiyo zimeshapona hapa. Ila kwa sababu hiyohiyo, usiweke kwenye kontena mtu usiyemwamini.

Hatua ya 6: Aina ya CPU anayoonyeshwa mgeni

Mashine pepe haiioni prosesa halisi. Inaona ile ambayo haipavaiza imeamua kuionyesha. Kwa miaka mingi Proxmox ilikuwa inaweka kvm64 kwa chaguo-msingi, prosesa ya kubuni ya kizamani isiyokuwa na alama mpya za usalama, yaani majina ya uwezo ambayo prosesa inautangazia mfumo endeshi. Siku hizi ukitengeneza mashine mpya unapewa x86-64-v2-AES, lakini mashine zako za zamani zimebaki na kvm64 zao mpaka uzibadilishe mwenyewe. Hapo ndipo ile mashine yangu ya uhasibu ilipokuwa imekwama. Maikrokodi ilileta uwezo mpya wa kusafisha akiba za ndani za prosesa, seva ikautumia, na mgeni hakuambiwa kwamba upo.

Una seva moja tu, au seva zako zote zina prosesa za aina moja? Tumia host, na alama zote zitapita:

qm set 101 --cpu host

Una klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, yenye prosesa tofauti na unahamisha mashine zikiwa hewani? Usitumie host, maana mgeni anaweza kuanguka akifika kwenye prosesa isiyofanana na aliyoizoea. Weka aina ya pamoja na utaje alama moja moja:

qm set 101 --cpu 'x86-64-v2-AES,flags=+pcid;+spec-ctrl;+ssbd;+md-clear'

Hizo ni za Intel. Kwa AMD alama unazotafuta ni ibpb na virt-ssbd. Zile nukuu zisikosekane, la sivyo ganda la amri litakata mstari kwenye nukta mkato ya kwanza.

Kati ya hizo nne, spec-ctrl ni ya Spectre aina ya pili, ssbd ni ya aina ya nne, na md-clear inamwezesha mgeni kujua kwamba amri ya kusafisha inafanya kazi kweli. Ya pcid haizibi ufa wowote, ila inapunguza sana gharama ya kinga ya Meltdown. Niliiacha mara moja kwenye mashine ya hifadhidata. Jumatatu saa tatu asubuhi dada wa uhasibu akanipigia: "Kaka, ripoti iliyokuwa inatoka nikiwa nachota maji, leo nimekunywa chai nikamaliza haijatoka." Usiku nikaongeza pcid, malalamiko yakaisha. Ukiona mfumo umekuwa mzito baada ya viraka, angalia alama hii kabla hujafikiria kuzima kinga.

Mashine ikigoma kuwaka na kusema seva haina alama fulani, usiiondoe alama haraka. Mara nyingi ina maana maikrokodi ya hatua ya 4 haikupakiwa.

Hatua ya 7: Zima kabisa, uwashe, uangalie ndani

Mgeni anayejiwasha upya kutoka ndani, kwa amri ya reboot au kwa menyu ya Windows, hatoki kwenye mchakato wa QEMU aliokuwemo. Anaamka kwenye prosesa ileile ya kubuni. Kumhamisha akiwa hewani hakusaidii pia, kwa sababu anahama na alama zake za zamani. Lazima azimwe, mchakato ufe, uzaliwe mwingine:

qm shutdown 101
qm start 101

Kisha ingia ndani, sasisha mfumo endeshi wa mgeni, iwashe kerneli mpya, na urudie amri ya hatua ya 2. Kabla ya kazi hii, mashine yangu ilikuwa inasema hivi:

mds: Vulnerable: Clear CPU buffers attempted, no microcode; SMT Host state unknown

Baada yake:

mds: Mitigation: Clear CPU buffers; SMT Host state unknown

Sehemu ya mwisho haiondoki, kwa sababu mgeni hawezi kujua kama seva imezima nyuzi pacha au la. Hilo ni la kuangalia kwenye seva.

Ndani ya Windows, fungua PowerShell kama msimamizi:

Install-Module SpeculationControl
Get-SpeculationControlSettings

Tafuta mistari yenye False. Windows Server 2016 na za kabla yake zina jambo linalowapita wengi: kupakua viraka hakutoshi, kinga zenyewe zinawashwa kwenye rejista kwa FeatureSettingsOverride na FeatureSettingsOverrideMask, halafu mashine inawashwa upya. Thamani za kuweka zinategemea prosesa, kwa hiyo zichukue kwenye maelekezo ya Microsoft, usinakili kutoka kwenye kikundi cha WhatsApp.

Hatua ya 8: Nyuzi pacha, uamuzi wako

Hyper-Threading inakifanya kiini kimoja kionekane viwili. Kwa L1TF na MDS, uzi mmoja ukiwa wa mteja A na mwenzake wa mteja B, wanakaa chumba kimoja na kache moja, na usafishaji unaofanyika mgeni anapoingia au kutoka hauwatenganishi wakiwa wote ndani kwa wakati mmoja. Dawa kamili ni kuzima nyuzi pacha:

echo off > /sys/devices/system/cpu/smt/control

Hiyo inadumu mpaka seva iwashwe tena. Ya kudumu ni kuongeza mitigations=auto,nosmt kwenye mstari wa GRUB ndani ya /etc/default/grub na kuendesha update-grub; wanaotumia ZFS na systemd-boot wanaandika kwenye /etc/kernel/cmdline kisha proxmox-boot-tool refresh.

Itakugharimu nguvu, na kiasi gani kinategemea kazi zako, kwa hiyo ijaribu wiki moja kabla ya kuiweka ya kudumu. Msimamo wangu ni huu. Kama mashine zote juu ya seva ni za ofisi moja na hakuna mtu wa nje anayeendesha programu zake humo, naacha nyuzi pacha na kuhangaikia mambo mengine. Kama unapangisha mashine pepe kwa wateja, au seva moja inabeba mafaili ya wagonjwa na tovuti ambayo kila mtu anapakia vitu vyake, zima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na anayehifadhi taarifa za watu anatakiwa kuzilinda. Pengine zaidi ya sheria, kuna mtu alikupa majibu yake ya maabara akiamini umeyafunga.

Wa VMware na Hyper-V

Mpangilio ni uleule. Kwenye VMware anza na vCenter (programu ya usimamizi), ndipo ESXi (haipavaiza yenyewe), ndipo mashine pepe. Toleo la vifaa pepe la kila mashine liwe 9 au zaidi ili alama zipite, na 11 au zaidi ili pcid ipite. Klasta yenye EVC, mpangilio unaozifanya prosesa tofauti zionekane sawa, itazificha alama mpya mpaka seva zote ziwe na kiraka, kwa hiyo usishangae ukiona nusu ya kazi haina matokeo. Kwa L1TF kuna mpangilio wa hyperthreadingMitigation ambao haujiwashi. Soma kuhusu aina zake mbili kabla ya kuchagua. Kama huna nafasi ya kuzima mashine mia kwa mkono, weka vmx.reboot.powerCycle iwe TRUE, na mgeni atakapojiwasha upya kwa sababu yoyote atazimwa kabisa kwanza. Na kama bado uko kwenye ESXi 6.7, usaidizi wake wa kawaida uliisha Oktoba 2022. Nyufa za Downfall na zilizofuata zilitangazwa baada ya hapo.

Kwenye Hyper-V, mashine zenye toleo la usanidi lililo chini ya 8.0 hazipokei alama mpya mpaka uongeze MinVmVersionForCpuBasedMitigations kwenye rejista ya seva, kisha uzizime na kuziwasha. Windows Server 2019 na kuendelea inapanga kazi kwa kiini kizima badala ya uzi, jambo linalopunguza ile hofu ya hatua ya 8.

Ukimaliza, hifadhi matokeo mapya kwenye baada.txt na uyalinganishe:

diff /root/kabla.txt /root/baada.txt

Bandika karatasi mlangoni mwa kabati la seva: tarehe, toleo la baiosi, toleo la maikrokodi, kerneli, na namba za mashine pepe zilizokaguliwa kutoka ndani, kila moja na saini yako. Mimi hurudi kwenye karatasi hiyo kila robo mwaka, na siku yoyote TZ-CERT, kitengo cha taifa cha matukio ya usalama wa kompyuta, au mtengenezaji akitangaza ufa mpya.